Nusu mlango: usalama wa duka la dawa siku ya maandamano

Kila Juni ikikaribia, wenye maduka ya dawa katikati ya Nairobi huanza kuulizana yaleyale kwenye makundi ya WhatsApp. Tufungue ama tufunge? Nani ana namba ya fundi wa kuchomelea? Tangu tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni kuupinga Mswada wa Fedha, siku hiyo imekuwa na msimu wake. Mwaka uliofuata, tarehe ileile, maduka kadhaa ya katikati ya jiji yaliporwa. Siku chache baadaye, Saba Saba ya 2025, yaani tarehe 7 Julai, polisi walifunga barabara za kuingia jijini tangu alfajiri, na kabla ya siku kuisha watu zaidi ya 30 walikuwa wameuawa nchini. Mimi ni mfamasia, na kaunta yangu haiko mbali na stendi ya matatu. Maoni yangu ni kwamba maswali yale ya WhatsApp huja yakiwa yamechelewa. Mambo yanayoamua kama mtu ataumia siku hiyo hufanyika wiki iliyotangulia, na mengi hayahusu vyuma.

Nianze na wagonjwa, kwa sababu sisi wenye maduka hupenda kuanza na stoki.

Mtu wa sukari anayeishi kwa insulini pekee akiikosa, ndani ya siku moja au mbili damu yake hujaa asidi. Anatapika, anahema mbiombio, na asipofika hospitali anakufa. Mwenye kifafa aliyezoea phenobarbital au carbamazepine akikatiwa ghafla anaweza kuanguka mara kwa mara bila kuzinduka katikati. Mwenye pumu yeye hahesabu siku, anahesabu dakika, na siku ya maandamano hewa yenyewe imejaa vitoa machozi. Hao watatu ndio ninaowapigia simu kwanza. Kisha nawatafuta wenye moyo dhaifu, wanaotumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, wagonjwa wa saratani walio kwenye mofini ya maji, na wanaomeza propranolol, atenolol au clonidine. Dawa hizi tatu zikikatwa ghafla, moyo huenda mbio au presha hupaa kupita ilipokuwa kabla ya matibabu.

Mgonjwa wa amlodipine, kidonge cha presha, namweleza mapema kwamba dawa yake hukaa mwilini muda mrefu, na akiikosa siku moja asivuke mji kuitafuta. Dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu inaweza kusubiri, vitamini nazo vilevile. Tunasahau kwamba mgonjwa aliyeambiwa kila siku asikose dawa zake ataamini hivyo hata risasi zikilia. Nimeona mzee akitembea kutoka Ngara akiwa na mkongojo, barabara nzima moshi mtupu, kuja kuchukua vidonge ambavyo vingengoja hadi Ijumaa. Kosa hilo halikuwa lake.

Wapo wanaoshauri mgonjwa apewe dawa za mwezi mzima kabla ya vurugu. Shauri zuri kwa mwenye mshahara. Mteja wangu wa kawaida ni mtu wa kibarua. Anakuja kaunta na kuniambia, "Daktari, nipatie za siku tatu, zingine nitachukua nikilipwa." Hapa kwetu kila aliye nyuma ya kaunta ni daktari, hata yule kijana anayepanga rafu. Ukimwambia mtu huyo anunue za siku 30 kwa sababu ya maandamano ya wiki ijayo, unamtania.

Kwa hiyo tunarudi kwenye daftari la deni. Wiki moja kabla ya tarehe inayojulikana, kila aliye kwenye orodha yangu ya kwanza anaondoka na dawa za kutosha siku kumi hivi, awe na pesa au asiwe nazo. Anasaini, tunakubaliana atalipa lini. Wenzangu wananiambia ni ujinga wa kibiashara. Mimi naona hasara kubwa ni kumweka msichana wa kaunta hatarini siku nzima ili auze vidonge vya shilingi mia mbili. Wengi hulipa, mradi usiwadai mbele za watu.

Daftari hilo lina mipaka yake. Codeine, tramadol na diazepam, dawa ambazo wengine huzitumia kulewa, hazikopeshwi wala hazitolewi kabla ya wakati kwa kisingizio cha maandamano, na yeyote anayezililia sana wiki hiyo najua anazitakia nini. Phenobarbital pia ni dawa inayodhibitiwa kisheria, basi ninachofanya ni kumwomba mgonjwa arudi kliniki mapema aandikiwe ya muda mrefu zaidi. Orodha ya wagonjwa nayo silazi dukani. Jina, namba ya simu na dawa vikikaa pamoja, karatasi imeshataja ugonjwa. Duka likivunjwa, panadol zitaenda na daftari litaenda, na jirani wa mtu atasoma kwamba fulani anameza dawa za akili. Yangu ina herufi za mwanzo tu, na nakwenda nayo nyumbani.

Naiweka kwenye karatasi kwa sababu nyingine pia. Tarehe 25 Juni 2024 intaneti ilisuasua nchini mchana ule ule watu walipoihitaji sana. Majirani zetu Tanzania walipata makubwa zaidi: siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, mtandao ulizimwa na ukabaki hivyo kwa siku kadhaa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Fikiria duka la dawa katika hali hiyo. Bima ya mgonjwa haithibitiki, rekodi zilizo kwenye mfumo wa mtandaoni hazifunguki, oda ya jumla haitumiki. Simu ya kawaida na SMS zikibakia, ni wale walioandika namba kwa kalamu ndio watakaozitumia.

Wakenya wenye umri wangu hawakujifunza haya juzi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao, wengi bila hata mfuko wa dawa. Huko magharibi mwa nchi, mpango wa AMPATH wa Eldoret uliokuwa ukihudumia maelfu ya watu wenye virusi vya Ukimwi ulilazimika kuwatafuta wagonjwa wake kwa redio na simu, na kupeleka dawa kwenye kambi za waliofurushwa. Tangu wakati ule namsihi kila mgonjwa wa dawa za kudumu abebe kikaratasi kwenye pochi: jina la dawa, nguvu yake, mara ngapi kwa siku. Anayesema "kale kadogo keupe" hatapata msaada wa maana akiwa Naivasha kambini. Vidonge vyeupe vidogo ni vingi mno.

Sasa wafanyakazi.

Hatari kubwa kwa mtu wa duka la dawa mara nyingi haimkuti dukani, inamkuta njiani. Anayeishi Kitengela au Githurai atafika asubuhi bila shida, kisha saa sita matatu zinakwisha barabarani na anabaki na kilomita nyingi za kutembea kwa miguu katikati ya watu wanaokimbia. Kwa hiyo zamu ya siku kama hiyo huipangi kwa cheo wala kwa kuzungusha majina. Anakuja anayeweza kurudi kwake kwa miguu kwa njia zaidi ya moja. Wengine wanakaa nyumbani na wanalipwa siku yao. Hili la kulipwa lisemwe mapema na lisemwe wazi, la sivyo mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa atapanda matatu ya alfajiri na kuja, uwe umemkataza au hujamkataza.

La pili ni nani mwenye neno la mwisho la kufunga. Niliwahi kufanya kazi kwa mwenye duka aliyekuwa akikaa mbali na mji na kupiga simu kila mara kuuliza mauzo, huku sisi tukisikia milipuko mtaa wa pili. Mtu aliye kwenye simu hanusi moshi. Kwangu sheria ni kwamba yeyote aliye kaunta, hata kama ndiye mdogo kuliko wote, akisema tunafunga, tunafunga, na hakuna atakayemuuliza kesho yake kama alikuwa na sababu.

Akiuliza ajue vipi, namwambia asiangalie simu, aangalie wachuuzi. Wale kina mama na vijana wanaotandika nguo na viatu kando ya barabara wana masikio kuliko shirika lolote la habari, na mali yao yote iko chini pale. Wakianza kushika pembe nne za turubai na kuzifunga fundo, una muda mfupi. Dalili ya pili ni matatu zinazoshusha abiria kabla ya stendi na kugeuza. Ya tatu ni benki: mlinzi akishafunga mlango wa kioo na kuhudumia kwa kuchungulia, wewe ulipaswa kuwa umeshaondoka.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni nusu mlango. Mnaujua. Mlango wa chuma unateremshwa hadi kiunoni, taa zinabaki, na wateja wanainama kuingia mmojammoja. Wenye maduka wanaamini wamepata yote mawili, mauzo na usalama. Hebu simama ndani uone. Huoni barabara, unaona miguu tu. Vitoa machozi vikirushwa, chembechembe zake hutua chini na kuingia kwa nafasi ileile uliyoiacha, na chumba kidogo kisicho na dirisha la nyuma hujaa kwa muda mfupi. Watu wanaokimbia wakiona mwanga chini ya mlango wanajirusha ndani, na nyuma yao wanakuja wanaowakimbiza. Halafu ndipo unagundua mlango umekwama kwenye reli yake kwa sababu kuna mtu anaushikilia. Duka liwe wazi kabisa au lifungwe kabisa. Ikiwa lazima uhudumie siku yenye wasiwasi, hudumia kupitia dirisha la vyuma mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, na njia ya nyuma iwe haina makatoni. Kaiangalie sasa hivi njia yako ya nyuma. Nina hakika kuna makatoni.

Kulala dukani kulinda mali nakukataza moja kwa moja. Duka la dawa huwaka vibaya. Ile spiriti ya kusafishia vidonda, vitakasa mikono, pamba, makatoni, yote ni kuni. Kabla ya siku yenyewe tunahamisha chupa za spiriti kutoka dirishani na mbele ya duka, tunaziweka nyuma sakafuni mbali na soketi. Wale wenye wakala wa M-Pesa mlangoni wafunge huduma hiyo tangu jana yake na waseme kwa bango kubwa kwamba hakuna pesa taslimu, kwa sababu wengi wanaovunja maduka yetu wanafuata fedha kwanza. Na wakishaingia, wachukue. Hakuna katoni ya dawa ambayo nimewahi kumwomba mtu aikingie kifua.

Dawa zinazodhibitiwa ndizo za pili kutafutwa, na hili si la Kenya tu. Baltimore, Marekani, Aprili 2015, baada ya mazishi ya Freddie Gray, kijana mweusi aliyekufa kwa majeraha aliyoyapata mikononi mwa polisi, zaidi ya maduka 25 ya dawa yaliporwa, na lile la CVS kwenye kona ya barabara za Pennsylvania na North likachomwa. Vidonge vya maumivu viliishia mitaani, huku wazee wa mitaa ileile wakikosa pa kuchukua dawa za presha, na idara ya afya ya jiji ikalazimika kuanza kuwasaidia watu kupata dawa zao. Afrika Kusini, Julai 2021, KwaZulu-Natal na Gauteng zilipolipuka na watu zaidi ya 300 wakafa, maduka ya dawa yaliporwa pamoja na maduka makubwa ya vyakula. Kwa hiyo wiki ya wasiwasi siagizi mofini wala codeine zaidi ya zinazohitajika, kabati linafungwa, na hesabu ya rejista inafanywa jioni ya kufunga, ikiwa na saini mbili. Nakala yake hailali dukani.

Kuna watakaobisha hodi wakiwa wameumia, na hapa mfanyakazi lazima ajue ukomo wake kabla.

Aliyepigwa na vitoa machozi: mpeleke penye hewa safi, ikiwezekana juu badala ya chini, avue nguo ya nje, asijisugue macho, atoe lenzi kama anazo. Osha macho kwa maji safi mengi kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Maji tu. Kila msimu mtu huja na dawa ya meno iliyopakwa chini ya macho kwa sababu aliiona mtandaoni, na sasa tunaosha vitu viwili. Mwenye pumu apewe salbutamol, mpulizo mmoja mmoja kupitia chombo cha kuvutia dawa (spacer). Kama hakuna chombo, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa tundu la kutosha mdomo wa inhela hufanya kazi hiyo vizuri. Tunatengeneza kadhaa kabla na kuziweka chini ya kaunta. Asipopata nafuu baada ya mipulizo kumi, huyo ni wa hospitali.

Aliyepigwa risasi, iwe ya moto au ya mpira, hashonwi dukani wala hachokonolewi. Kandamiza kwa shashi safi kwa nguvu na usiiondoe kuchungulia. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Piga 1199, ambayo ni namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Usimpe aspirin wala ibuprofen anayevuja damu. Na tafadhali, hakuna picha. Usimuulize alikuwa upande gani, na usimruhusu mteja mwingine arekodi. Askari aliyepasuka kichwa na kijana aliyepasuka kichwa wanapata shashi ileile. Tukianza kuchagua, kila upande utaliona duka letu kuwa la adui, na hapo hata koti jeupe halitukingi.

Tena kuna wale wasiobisha hodi kwa kelele. Vurugu huja na ubakaji. 2007 na 2008 zilituonyesha hivyo. Mwanamke anayeuliza P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kwa sauti ya chini siku mbili baada ya maandamano, na macho hayainuki, usimpe tu na kupokea pesa. Mpeleke pembeni. Mwambie kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zina maana zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, na kwamba hospitali za umma huzitoa. Ikiwezekana mtafutie mwanamke mwenzake wa kumsindikiza. Kazi hii ndiyo inayonifanya nipinge kufunga duka kwa wiki nzima kwa sababu ya uoga. Funga mapema, naam, lakini fungua mapema vilevile.

Kuhusu bima nitasema kidogo. Sera ya kawaida ya moto na wizi mara nyingi haigusi ghasia za kisiasa. Hiyo ni bima ya peke yake inayonunuliwa kama nyongeza. Wenzangu kadhaa walilijua hilo wakiwa wameshikilia fomu ya madai mkononi. Soma sera yako leo, piga picha rafu zako, tuma orodha ya stoki kwenye barua pepe yako.

Asubuhi ya kufungua, kabla ya kufagia vioo, nenda kwenye friji. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiwa umeme ulikatika usiku kucha na kipimajoto chako kinahifadhi kiwango cha juu kilichofikiwa, unayo habari ya kukusaidia kuamua. Kama hakihifadhi, nunua kinachohifadhi. Nyingi huvumilia joto la chini ya nyuzi 30 kwa takriban wiki nne, basi zilizopata joto kiasi si za kutupwa mara moja. Zinaandikwa tarehe, zinatengwa, na kanuni za mtengenezaji wa kila aina zinasomwa. Iliyoganda kwa kubanwa na barafu ndiyo isiyosameheka, hata kama sasa imeyeyuka na inaonekana safi.

Kisha pigia simu orodha yako, aliye juu kabisa kwanza. Kama kuna kilichoibwa, chukua namba ya OB (kitabu cha matukio) kituoni cha polisi na uiarifu Bodi ya Famasia na Sumu, ukitaja dawa zinazodhibitiwa moja moja kwa idadi.

Jiandae pia kwa kijana atakayetokea siku ya tatu au ya nne na begi mgongoni, akikuuzia katoni za viuavijasumu au mikebe ya dawa za sukari kwa nusu ya bei, akisema ni za mjomba aliyefunga duka. Huwezi kujua zililala juani siku ngapi, au zilinyeshewa wapi. Hazinunuliwi, hata zikiwa na lakiri, hata zikiwa ni zako mwenyewe zilizoibwa juzi. Zilizorudi hutengwa kwenye boksi lililoandikwa kwamba haziuzwi, zinaorodheshwa, na zinasubiri kuteketezwa kwa utaratibu wa bodi.